Siku tano juu ya njia ya gari la moshi la Bububu: kazi, tembo la mnazi na ngoma

Siku ya kwanza: Ngome Kongwe

Njia nzima ya reli, kutoka mjini Unguja hadi Bububu, ni kama kilomita 11, na mwenda kwa miguu asiye na haraka huimaliza asubuhi moja. Hapa imegawiwa siku tano kwa sababu reli yenyewe iling'olewa zamani, na kinachofuatwa si chuma. Kinachofuatwa ni saa za watu: wafanyakazi wa reli waliamka saa ngapi, wakitoka kazini walikwenda wapi, nani alikunywa na nani alijizuia, na wanawake walikuwa wapi wakati huo wote. Mambo hayo hayaonekani kutoka dirishani mwa daladala ya 502 iendayo Bububu.

Chukua maji lita mbili kwa kila mtu, kofia, viatu vya kufunga (makubadhi yanakatika kwenye mawe ya pwani), na noti ndogondogo kwa ajili ya usiku wa mwisho. Mabega na magoti yafunikwe, mwanamume na mwanamke. Panga safari iangukie siku za bamvua, mwezi mchanga au mpevu, kwa kuwa siku hizo maji ya Unguja hukupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na siku ya nne inataka pwani kavu. Mwezi wa Ramadhani usiichague safari hii. Nusu ya mambo yake yamefungwa.

Tunaanzia Ngome Kongwe, Forodhani. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Karne ya 19 ikawa gereza. Reli ya Bububu ilipojengwa, mwaka 1904 hadi 1905, ikageuka bohari na karakana. Wajenzi walikuwa Wamarekani, kampuni ya Arnold, Cheney ya New York. Serikali iliinunua njia hiyo mwaka 1911. Kabla yake kulikuwa na reli nyingine, ya Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, iliyotoka mjini kwenda kwenye kasri lake la Chukwani. Mabehewa yalivutwa kwanza na nyumbu, kisha na injini ndogo ya kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Hiyo ilikuwa reli ya starehe ya mtu mmoja na watu wa nyumba yake, na alipofariki ikafa naye. Ya Bububu ilikuwa ya watu wa kazi na wa sokoni. Ndiyo maana tunaifuata hii.

Simama katikati ya ua, ukiupa mgongo mlango, ufikirie asubuhi ya karakana. Injini ya mvuke haiwashwi kwa ufunguo. Mtu wa moto hutangulia saa tatu au nne kabla ya safari. Kwanza hutazama kioo cha maji cha bwela, yaani tangi la chuma linalochemsha maji ya mvuke, maana kuwasha moto chini ya bwela kavu ni kuliua. Kisha huondoa majivu ya jana, hupanga vijiti vikavu na matambara yenye mafuta, huwasha, huongeza kuni au makaa kidogokidogo ili chuma kipate moto sawasawa. Chuma kikipashwa kwa pupa, viungo huachia na maji huanza kuvuja kwenye mabomba. Wakati mvuke unapanda, dereva huzunguka na kopo la mafuta, kila fimbo na kila kikombe cha gurudumu. Mwisho hufungua vali chini ya silinda, atoe maji yaliyokaa humo usiku kucha, kwani maji hayabanwi, na pistoni ikiyapiga, kifuniko cha silinda hupasuka.

Kisiwa cha matumbawe kinaongeza shida yake. Maji yana chokaa. Angalia ndani ya birika la chai la nyumba yoyote ya mjini: ukoko mweupe, mgumu, ulioganda chini na kwenye mdomo. Ukoko huohuo hujijenga ndani ya bwela, unazuia joto lisifike kwenye maji, chuma kinapata moto kupita kiasi na kuvimba. Dawa yake ni kulisimamisha bwela, kulipoza, kufungua vizibo vya kusafishia na kulikwangua. Mwanamke anayechemsha siki au ndimu ndani ya birika lake anafanya kazi ileile kwa kipimo cha jikoni.

Sasa fanya hesabu. Ikiwa gari la kwanza linatoka saa kumi na mbili asubuhi, moto lazima uwe umewashwa saa nane au saa tisa usiku. Ngoma za Ng'ambo, upande wa pili wa mji, huchangamka saa hizohizo. Kwa hiyo mtu wa moto hawezi kukesha ngomani na kuja kazini, na akija amelewa, jambo la kwanza kumponyoka ni kile kioo cha maji. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri, kizibo cha risasi huyeyuka na mvuke kumwagika motoni; hiyo ndiyo bahati njema. Kizibo kikiwa kimezibwa na chokaa, bwela hulipuka. Reli za Marekani, walikotoka wajenzi wa njia hii, zilikuwa na Kanuni G tangu mwishoni mwa karne ya 19: mfanyakazi aliye zamu haruhusiwi kutumia kileo. Hii si kanuni ya dini wala ya adabu. Ni kanuni ya bwela.

Siku ya pili: Malindi na Darajani

Siku fupi. Njia ilipenya mjini kabla ya kushika pwani ya kaskazini, na kadi za posta za zama hizo zinaonyesha gari likipita kwenye mtaa mwembamba, nyumba zikiwa hatua chache tu kutoka kwenye behewa. Pima mwenyewe: simama kwenye kichochoro chochote cha Malindi, nyosha mikono yote miwili. Cheche za bomba la moshi na paa la makuti haviendi pamoja. Ndiyo sababu bomba la injini ya kuni hufungwa wavu, na wavu ukiziba kwa masizi moto hauvuti tena, injini inapoteza nguvu.

Abiria wengi walikuwa wenyeji, lakini palikuwa na behewa maalumu la daraja la kwanza kwa wageni waliotoka kwenye meli, ili waone shamba kidogo na kurudi kabla meli haijang'oa nanga.

Darajani palikuwa na daraja kweli, juu ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla haujafukiwa. Vuka barabara. Waliohamia Ng'ambo walikuwa wengi wao watu waliotoka utumwani na watu wa bara waliokuja na misafara. Amri ya kuondoa utumwa ilitoka mwaka 1897, ila masuria hawakuhesabiwa ndani yake mpaka mwaka 1909. Soma tarehe hizo pamoja na ya reli. Gari la kwanza la Bububu lilipopiga honi mwaka 1905, mwanamume aliyezaliwa mtumwa alikuwa na miaka minane ya kuuza jasho lake kwa ujira, na suria wa nyumba kubwa alikuwa bado hana haki ya kutoka. Tofauti ya starehe baina ya mwanamume na mwanamke katika mji huu haikuanzia kwenye pombe, ilianzia hapo: nani ana jioni yake mwenyewe.

Na hapa ndipo pa kuilinganisha na reli kubwa ya bara, kwa kuwa waandishi wengi wanalichukua la huko na kulibandika huku. Reli ya Uganda ilijengwa tangu 1896 hadi 1901, kutoka Mombasa mpaka ziwani, zaidi ya kilomita 900. Iliwaleta Wahindi wapatao 32,000, na karibu 2,500 walifariki kazini. Reli ndefu namna hiyo inatembea na kambi zake. Wanaume wako mbali na nyumba kwa miezi, wanalala kwenye mahema, baadaye kwenye landi, vyumba vya safu vilivyojengwa kwa mtu mmoja asiye na mke. Mahali palipo na maelfu ya wanaume wenye mshahara na wasio na jiko, wanawake hufika kuuza chakula, pombe na malazi. Nairobi ilikua hivyo tangu makao ya reli yalipohamishiwa huko mwaka 1899. Mapema katika miaka ya 1920 manispaa ilijenga ukumbi wake wa pombe Pumwani, ikapiga marufuku utengenezaji wa majumbani, na faida iliyokuwa inaingia kwenye mifuko ya wanawake ikaanza kuingia kwenye mfuko wa manispaa. Hilo ni jambo la kijinsia kabla halijawa jambo la ulevi: mpishi wa pombe alikuwa mwanamke, muuzaji mpya akawa serikali, mnywaji akabaki yuleyule.

Unguja hapakuwa na sababu ya kambi. Njia ya kilomita 11 inamrudisha kila mtu kwake jioni ileile. Anakwenda kula kwake, anaoga kwake, anakwenda barazani kwake. Kwa hiyo ukitafuta hapa ukumbi wa pombe wa wafanyakazi wa reli, utachoka bure. Starehe ya mfanyakazi wa reli wa Unguja ni starehe ya mtaa wake, na mtaa una sheria zake, wazee wake, na wanawake wake.

Malizia siku barazani, saa za baada ya alasiri. Kahawa chungu kwenye vikombe visivyo na mkono, dele la shaba juu ya makaa, kashata pembeni, bao au karata. Hii ndiyo starehe ya mwanamume ambayo haijawahi kuhitaji kufichwa. Msalimie mkubwa kwanza, shikamoo, kisha kaa. Usianze na maswali ya tembo.

Siku ya tatu: Marhubi na Mtoni

Toka mjini saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijawa kali. Kiasi cha kilomita nne kuna magofu ya Marhubi, kasri aliloanza kulijenga Barghash mwaka 1880 kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake. Liliungua mwaka 1899. Nguzo nene zinazoonekana zilibeba roshani. Birika za kuogea zipo nyuma. Mbele kidogo ni Mtoni, kasri la Sayyid Said, baba wa Barghash na wa Sayyida Salme, aliyezaliwa hapo mwaka 1844.

Kwa mada yetu mambo mawili yanatosha hapa. Kwanza, starehe ya wanawake wa tabaka hilo ilikuwa ndani ya kuta: kuoga, kusuka nywele, kusikiliza nyimbo, kupokea wageni wanawake. Pili, walioifanya starehe hiyo iwezekane walikuwa wanawake wengine, wachota maji na wakanda miguu. Wajukuu wa makundi yote mawili ndio waliokuja kukutana katika vikundi vya taarabu vya karne ya 20, na mashindano makali ya vikundi hivyo hayaeleweki bila kuyakumbuka magofu haya.

Pumzika Mtoni mpaka alasiri, jua la pwani ile halina kivuli. Rudi mjini kwa gari.

Siku ya nne: Beit el Ras hadi Bububu

Ndiyo siku ndefu. Fika Beit el Ras kabla ya saa tatu. Kasri lililokuwa hapa lilianzwa na Sayyid Said, halikumalizwa, na sehemu kubwa ya mawe yake ilibomolewa kujengea reli ya Bububu. Yaliyobaki yaliondolewa mwaka 1947 pakajengwa skuli na chuo cha walimu. Basi tuta la reli ya watu lilishindiliwa kwa mawe ya nyumba ya mfalme. Katika miaka yake ya mwisho gari lenyewe lilibeba mawe ya kazi ya bandari, hadi likasimama kabisa miaka ya 1920.

Shuka pwani maji yakiwa yamekupwa. Katika pwani za Unguja ambako kazi hii bado ipo, utaona mafungu ya mawe kwenye tope: chini yake yamezikwa makumbi ya nazi. Ni kazi ya wanawake. Makumbi huzikwa mahali ambapo maji hufika kila siku, huwekewa mawe yasielee, hukaa miezi kadhaa, mara nyingi mitatu hadi sita, kutegemea tope. Yakitolewa mapema, nyuzi haziachani na unga wake na mpigaji anaumia mikono bure. Yakikaa mno, usumba, yaani nyuzi zenyewe, unaoza na kamba inakatika. Yaliyoiva hupigwa kwa kigongo juu ya jiwe, huoshwa, huanikwa, kisha husokotwa baina ya viganja. Wanawake hupiga makumbi wakiwa wanne, watano, na hapo ndipo habari zote za kijiji zinapopita. Mwandishi akisema wanawake wa shamba hawakuwa na mapumziko, ametafuta baraza lenye kahawa. Baraza lao lina harufu ya tope na maji hadi vifundoni. Mwenye kutaka kuuliza awe mwanamke, au aende na mwanamke, na picha zisipigwe bila ruhusa.

Ile kamba ya usumba ndiyo inayofunga karara la mgema, kile kifuko kigumu chenye maua ya mnazi. Hapo tunaingia kwenye tembo.

Ugema ni kazi ya mwanamume, tangu kupanda hadi kuteremsha. Mnazi huchongwa vidato vya kukanyagia, hatua kwa hatua, kila kimoja kikiteremka upande wa nje ili maji ya mvua yasituame na kuozesha shina. Mgema huchagua karara ambalo halijapasuka, lililokaza, limebakiza kama wiki mbili tatu kufunguka. Hulizungushia kamba toka chini hadi karibu na ncha, kila mzunguko ukigusana na mwenzake, ili lisipasuke kwa ndani. Kisha kwa siku kadhaa huligonga polepole na kuliinamisha kidogo kila siku. Akiliinamisha kwa siku moja linavunjika shingoni na kazi imekwisha. Likishalainika, hukata ncha kwa kotama, kisu chembamba chenye makali kama ya kinyozi, na kuning'iniza kibuyu. Siku za kwanza hutoka matone tu. Baadaye, kila asubuhi na jioni, anapunguza ncha kipande chembamba kama jani la karatasi, afungue upya mishipa iliyoziba. Kipande kinene ni kula karara kwa haraka. Kisu butu kinaponda nyama badala ya kuikata, na utomvu unasita. Karara zuri hutoa kiasi cha lita moja kwa siku, na hudumu wiki nne au zaidi.

Utomvu unaotoka ni mtamu, una sukari kiasi cha asilimia 12 hadi 15, mweupe kama maji ya mchele. Lakini haukai hata saa moja bila kuanza kuchacha, kwa sababu hamira ya hewani na iliyobaki kibuyuni inaingia kazini mara moja. Lililoteremshwa asubuhi ni tembo tamu; mchana linachemka lenyewe kwa povu; jioni ni kali, lina kileo kinachokaribia cha bia; kesho yake limeelekea kwenye siki. Hii ndiyo sababu tembo halikuwahi kuwa bidhaa ya kusafiri mbali wala ya kuwekwa ghala. Hunywewa karibu na mnazi, siku hiyohiyo, kwa kata, na watu wanaojuana.

Yanayoharibu tembo ni mambo ya kawaida sana. Kibuyu kisichosafishwa kwa maji ya moto kina siki ya jana, na siki ya jana inaiua tamu ya leo. Mvua ikinyesha usiku kibuyu kikiwa wazi, nusu ni maji. Nyuki na wadudu huzama. Na ule usemi wa mgema akisifiwa tembo hulitia maji una kipimo chake halisi: tembo lisilotiwa maji, likimwagiwa vidole viwili na kuachwa likauke, hunatisha, povu lake hukaa. Lililotiwa maji povu lake hufa upesi na vidole havinati. Gongo, pombe ya kukenekwa, lisiguswe kabisa, hata kwa kuonja. Mtambo wa nyumbani hauna njia ya kutenganisha sumu na kileo, na aliyepofuka hapewi macho mengine.

Watawala walikuwa na sababu yao ya kuutazama mnazi. Karara linalogemwa halizai nazi, na nazi ni mbata, ile nyama yake iliyokaushwa, na mbata ni fedha ya kusafirisha. Vinywaji vikali kutoka Ulaya navyo vilikuwa vimewekewa mipaka na Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890. Kwa hiyo mnywaji wa Ng'ambo au wa shamba alibaki na tembo, na tembo lilikuwa juu ya mti unaoonekana na kila jirani. Katika jamii ya Kiislamu, kunywa kunakoonekana ni aibu ya nyumba nzima, na aibu hiyo haigawanywi sawa. Mwanamume mlevi husemwa. Mwanamke akionekana na kata mkononi, husemwa yeye na mama yake na binti yake asiyeposwa bado.

Lakini tembo liliingia jikoni kwa mlango mwingine, na hapa wanawake wanalijua kuliko wanywaji. Kabla ya hamira ya dukani kuenea, vitumbua na mkate wa kumimina viliumuliwa kwa tembo. Roweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, utwange au usage pamoja na kikombe kimoja cha tui zito, tia sukari nusu kikombe, iliki, na tembo nusu kikombe, lililochemka lakini halijachachuka. Funika, weka mahali penye joto, ngoja saa moja hadi mbili mpaka uso ujae vitobo. Tembo likiwa tamu mno unga haufumuki, vitumbua vinakuwa vizito kama udongo. Likiwa la jana, unafumuka na kuanguka, na ukakasi hauondolewi na sukari. Mpishi hupima kwa kusikiliza: huinamisha sikio kwenye kibakuli na tembo zuri husikika likivuma ndogondogo, kama mvua juu ya makuti. Wapo waliojizuia kwa ajili ya dini hata baada ya kupikwa, na hamira ya paketi imewaondolea wengi swali hilo. Hata hivyo kata iliyokuwa haramu mkononi mwa mwanamke ilikuwa halali ya kupimia jikoni mwake, na elimu ya kujua saa za tembo ilikuwa yake.

Maliza Bububu kabla ya magharibi. Utaambiwa jina linatokana na mlio wa gari la moshi, bu-bu-bu. Sivyo. Sayyida Salme alikaa kwenye shamba la Bububu kabla hajaondoka Unguja mwaka 1866, karibu miaka 40 kabla ya reli. Jina linahusishwa na maji yanayobubujika kwenye chemchemi, na chemchemi zipo mpaka leo zinanywesha mji. Msimulizi anayekupa habari ya gari usimkatishe. Mwache amalize, kisha mwombe akuonyeshe maji.

Siku ya tano: Ng'ambo, kisha Ngome tena

Lala mchana. Siku hii inaanza usiku.

Mwaka ule ule wa 1905 gari lilipofika Bububu, mjini kiliundwa kikundi cha taarabu cha Akhwan Safaa. Kilikuwa cha wanaume, wakiimba na kupiga kwa namna ya Misri iliyoletwa na Barghash. Mwanamke aliyeigeuza taarabu ikawa ya Kiswahili na ya watu wa kawaida alitoka shamba, Fumba: Siti binti Saad, aliyezaliwa miaka ya 1880, muuza vyungu, aliyehamia mjini mwaka 1911 na kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Wafanyakazi waliorudi kwao jioni, watu wa bandari, wa reli, wa mikokoteni, ndio waliosikia kesi zao za mahakamani na wizi wa wakubwa ukiimbwa kwa lugha yao.

Kwa wasio na pesa za kualika kikundi kikubwa kuna kidumbaki, taarabu ndogo ya arusini, na kwa kuielewa starehe ya mfanyakazi hii ni bora zaidi. Vyombo ni vichache: ngoma ndogo mbili, fidla, mkwasa wa vijiti, cherewa za vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu, na sanduku. Sanduku ni kasha la mbao lililokuja na majani ya chai. Hupinduliwa, hutobolewa katikati ya sakafu yake, huingizwa uzi mmoja wenye fundo kwa ndani, na mwisho wa juu hufungwa kwenye fimbo iliyosimamishwa ukingoni. Mpigaji huweka mguu mmoja juu ya kasha lisiruke, huvuta fimbo nyuma kuukaza uzi sauti ipande, huirudisha sauti ishuke. Mbao zikipata unyevu wa masika, sauti huwa ya kufa. Husogezwa karibu na moto kabla ya kuanza. Wapigaji ni wanaume, na karibu kila mara wachezaji ni wanawake: arusi ni yao, kiuno ni chao, na wao ndio wanaoamua wimbo gani uendelee na upi ukatwe.

Kutunza kuna utaratibu wake, na mgeni huharibu hapa kuliko mahali popote. Anayetunza huinuka polepole, noti mkononi, anacheza hadi kwa mwimbaji, anaiweka. Ubeti aliouinukia ndio ujumbe wake, kwa mume, kwa mke mwenza, kwa jirani. Ukiinuka kwenye ubeti usioujua maana yake, mtu aliyekaa mbele yako atahesabu umemsema. Basi subiri ubeti wa kuwasifu maarusi. Noti ndogo zilizobaki mfukoni tangu siku ya kwanza zitumike hapa. Pombe haina nafasi katika shughuli hii. Mwanamume aliyelewa hutolewa nje na wanawake wenyewe, na hawasubiri mzee.

Alfajiri, rudi Forodhani, uingie tena kwenye ua wa Ngome mara tu mlango unapofunguliwa. Bohari la reli lilipoondoka, ua ulikaa bure. Mwishoni mwa miaka ya 1940 jengo lilitengenezwa upya, na ua huu ukapewa klabu ya wanawake, na uwanja wa tenisi ndani yake. Uwanja wa tenisi wa watu wawili wawili una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97, na unataka nafasi nyuma ya kila mstari wa kurushia. Pima kwa hatua, utaona ua unatosha. Kisha inua macho kwenye kuta: urefu wake ulikusudiwa kuzuia wavamizi, halafu wafungwa. Kwa mwanamke wa utawa, asiyeonekana na wanaume wa nje, ulimzuia mpita njia asimwone, naye akaweza kulivua buibui, akalitundika, akapiga mpira kwa nguvu zake zote mahali ambapo mtu wa moto aliwahi kuwasha bwela saa nane usiku.